OpenSSL kabla na baada ya Heartbleed: kwa nini hela za makampuni zilichelewa vile

Jumanne ya tarehe 8 Aprili 2014, siku moja baada ya kutangazwa Heartbleed, kasoro kubwa ya usalama ndani ya programu ya OpenSSL, nilikuwa nimekaa mbele ya seva za kazini, ofisi moja hapa Dar, naandika amri ileile kwenye mashine moja baada ya nyingine: openssl version -a. Kwenye mashine za CentOS, aina moja ya Linux, jibu lilikuwa 1.0.1e kabla ya kuweka kiraka, na ukishaweka kiraka linabaki 1.0.1e vilevile, kwa hiyo namba haikusaidii kitu, ilibidi ushuke uangalie pale inapoandika imejengwa lini, ukiona tarehe ya Aprili hiyohiyo unashusha pumzi, ukiona ya mwaka jana bado uko uchi. Halafu ristati Apache inayohudumia tovuti, ristati barua pepe, ristati VPN, maana programu ambayo ilishapakia maktaba ya zamani kwenye memori inaendelea nayo hata kama faili lililoko kwenye diski ni jipya. Watu kibao waliisahau hiyo hatua wakalala wakijua wamepona.

Kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo sio ile kazi, ni kwamba nilikuwa naitegemea OpenSSL kila siku na sikuwahi kujiuliza nani anaitengeneza. Kichwani kwangu kulikuwa na jengo zima la watu mahali fulani, na bajeti, na bosi. Kumbe hapakuwa na jengo.

OpenSSL ndo ile sehemu inayofanya kazi nyuma ya kile kialama cha kufuli kwenye brauza. Ilianza Desemba 1998, ikatokana na programu ya SSLeay iliyoandikwa Australia na Eric Young na Tim Hudson, na ikaenea kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi, ukitaka kuficha mawasiliano kati ya simu na seva unaichukua unaiweka basi. Mabenki, hospitali, mitandao ya simu, vifaa vya mtandao vyenye nembo kubwakubwa. Yahoo Mail, ambayo wakati ule huku kwetu karibu kila mtu aliyewahi kutuma CV alikuwa nayo, ilikuwa moja ya zile zilizokutwa wazi. Netcraft, kampuni inayochunguza mtandao, walikadiria seva kama nusu milioni duniani.

Kasoro yenyewe nieleze kidogo maana inasaidia kuelewa habari ya hela. Kuna kitu kinaitwa heartbeat, ni kama hodi kati ya mashine mbili zilizounganishwa. Mashine moja inasema: kama upo nirudishie neno hili, "ndizi", lina herufi 5. Ya pili inarudisha "ndizi". Sasa mtu mbaya anatuma "ndizi" anasema lina herufi 64,000. OpenSSL haikuhesabu yenyewe, iliamini namba iliyotajwa, ikachota "ndizi" pamoja na kila kilicholala pembeni yake kwenye memori, hadi kilobaiti 64 kwa hodi moja, na humo ndani unaweza kukuta paswedi ya mtu aliyeingia sekunde chache zilizopita, au ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Na unaweza kupiga hodi mara elfu bila alama yoyote kubaki kwenye logi. Kosa lote liko kwenye mstari mmoja wa kunakili memori, memcpy(bp, pl, payload), ambao hapo kabla yake ilitakiwa kuwe na swali moja tu: hii payload, yaani urefu uliotajwa, ni ya kweli? Kule Canada mamlaka ya mapato ilifunga huduma zake za mtandaoni katikati ya msimu wa watu kupeleka hesabu za kodi, na bado namba za utambulisho za walipakodi 900 zilikuwa zimeshachukuliwa.

Msimbo huo uliingizwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2011. Aliyeuandika alikuwa mwanafunzi wa PhD Mjerumani aliyekuwa anachangia bure, aliyeukagua alikuwa mtu mmoja, ukatoka kwenye toleo 1.0.1 Machi 2012, na ukakaa miaka miwili kabla mtafiti wa Google na wahandisi wa Codenomicon ya Finland hawajauona, kila upande kivyake. Wengi waliwashukia wale wawili na mimi siungani nao hata kidogo. Mtu kajitolea, mwingine kakagua peke yake, macho manne tu yamesimama kati ya dunia na hasara. Swali la haki ni macho mengine yalikuwa wapi, yaani yale ya makampuni yenye wahandisi maelfu kwa maelfu ambao bidhaa zao zote zilikuwa zinapita hapohapo.

Baada ya vumbi kuanza kutulia, Steve Marquess, aliyekuwa anashughulikia upande wa fedha wa OpenSSL kutokea Maryland, akaandika hadharani hali halisi. Michango ilikuwa inaingia kama dola 2,000 kwa mwaka. Kwa mwaka! Msimbo wenye mistari kama nusu milioni, na mtu aliyekuwa anaufanyia kazi muda wote alikuwa mmoja, Stephen Henson, Mwingereza, wengine wote wana ajira zao na wanaushika jioni. Wiki ile dunia nzima inapiga kelele iliingia michango kama 200, jumla kama dola 9,000, kutoka kwa watu binafsi, wengi wao vidola vichache vichache. Marquess akasema wazi kwamba wanahitaji watu wa muda wote angalau sita, na kwamba cha kushangaza sio kasoro hii kupita bali ni kwamba mambo kama haya hayajatokea mara nyingi zaidi. Nilisoma maneno yale nikaona aibu, maana na mimi ofisini kwangu sikuwahi kutoa hata mia.

Sasa hapa ndo kwenyewe. Maelezo ya haraka ambayo watu hupenda ni kwamba makampuni ni mabahili, yanakula bure. Sikatai, OpenSSL ilikuwa shamba la bibi kweli, kila mtu anaingia anavuna. Ila ubahili hautoshi kueleza, kwa sababu makampuni hayohayo wakati huohuo yalikuwa yanamwaga hela nyingi sana kwenye programu nyingine za huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, ambazo pia ni za bure. IBM ilitangaza dola bilioni 1 kwa ajili ya Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kwa mwaka 2001 pekee. Ripoti za Linux Foundation, taasisi inayoisimamia Linux, za miaka ile zilionyesha zaidi ya asilimia 80 ya kazi kwenye kiini cha Linux inafanywa na watu wanaolipwa na waajiri wao kuifanya. Kwa nini Linux ndiyo, OpenSSL hapana?

Angalia Intel wanafanya nini. Chipu mpya haijafika dukani, wahandisi wao tayari wanapeleka misimbo ya kuifanya ikubalike ndani ya Linux, kwa sababu chipu isiyowaka kwenye Linux haitanunuliwa na wenye seva, hasara inaonekana kwenye mauzo ya robo mwaka hiyohiyo. Kwa hiyo mshahara wa yule mhandisi wa Intel anayeandika Linux sio sadaka, ni gharama ya kuuza chipu. Na ukiwa na watu mle ndani unakuwa na sauti: kitu kinakwenda upande gani, kipi kikubaliwe mapema. Red Hat, wanaouza huduma za Linux, nao ndo biashara yao yenyewe. Kila anayelipa ana kitu anachokivuta kwake.

OpenSSL hakuna aliyekuwa anaivuta popote. Hakuna mteja aliyewahi kuingia dukani akaulizia ruta yenye OpenSSL nzuri zaidi. Ilikuwa imeshafanya kazi, viwango vyake vinaamuliwa kwingine, wapinzani wawili wa kibiashara wote wanaitumia na hakuna anayempiku mwenzake kwa kuiboresha. Ukitoa hela wewe, anafaidika na jirani yako sawasawa. Na ikifanya kazi vizuri hakuna kinachoonekana, kufuli ni lilelile.

Ila kuna sehemu moja OpenSSL ilikuwa inaingiza hela kweli, na kwangu mimi hiyo ndo inayofunua kila kitu. Zile dola 2,000 zilikuwa michango tu, mapato makubwa yalitoka kwenye mikataba, ingawa hata kwa jumla hayakuwahi kufika dola milioni 1 kwa mwaka. Mikataba ya nini? Sehemu kubwa ilihusu FIPS 140-2. Hicho ni cheti ambacho serikali ya Marekani ilikuwa inakidai wakati ule kabla idara zake hazijanunua kitu chochote chenye usimbaji ndani, yaani kuficha mawasiliano. Kampuni inayotaka kuuza kifaa kwa serikali ya Marekani inahitaji cheti, cheti kinahitaji mtu wa OpenSSL akae afanye kazi ya kuchosha ya uthibitisho, basi kampuni inalipa. Ona hapo: kampuni zilezile ambazo hazikuwa na senti ya kukagua msimbo unaolinda kila mtu zilikuwa na hela ya kukamilisha karatasi inayofungua soko moja, na wala sisemi kwa kuwalaumu tu, nasema ndivyo pesa ya kampuni inavyotembea, inakwenda palipo na mauzo upande wa pili. Na matokeo yake ni kwamba mtu yule mmoja wa muda wote alilazimika kula kwa kufanya kazi za mikataba, na saa za kukaa tu kusoma mistari ya zamani kwa utulivu hakuna aliyekuwa anazilipia.

Kwenye michango ya harusi huku kwetu unaliona jambo hilihili. Kamati inakaa, majina yanasomwa, kadi inaandikwa kulingana na ulichotoa, na mtu mwenye maisha magumu kabisa anapambana mpaka anamaliza ahadi yake. Mwenyekiti huyohuyo wa kamati ukimwambia mtaro wa mtaa umeziba tuchange elfu tanotano, hapokei simu. Watu wale sio wabaya, wana moyo wa kutoa na wameuonyesha, ila mtaro hauna ukumbi, hauna meza ya mbele, na maji yakipita vizuri hakuna anayejua ni nani alizibua.

Kubernetes, programu ya kupanga na kuendesha programu nyingine kwenye seva nyingi, wao walipewa ukumbi. Google waliitoa 2014, toleo la kwanza kamili likaja Julai 2015, na hapohapo ikakabidhiwa kwa taasisi mpya, CNCF, chini ya Linux Foundation. Wakati huo Amazon walikuwa wameshatangulia mbali kwenye biashara ya klaudi, kwa hiyo Google na wengine walikuwa na sababu nzito ya kutaka kuwe na namna moja ya kuendesha programu ambayo mteja anaweza kuibeba kutoka klaudi hii kwenda ile. Uanachama wa daraja la juu CNCF kwa miaka mingi ulikuwa dola 370,000 kwa mwaka na makampuni yalipanga foleni, hata Amazon wenyewe wakaingia Agosti 2017 maana wateja wao walikuwa tayari wanaitaka. Anayelipa anapata kiti kwenye bodi, nembo kwenye ukuta na meza kwenye mkutano mkubwa. Ni programu nzuri, naitumia, lakini mwaka ule wa kwanza ilikuwa inatumiwa na watu wachache mno ukilinganisha na OpenSSL. Idadi ya wanaokutumia na hela unayopata havina undugu ule watu wanaoudhania.

Kuna kisa kidogo cha majira yaleyale. Januari 2014, miezi mitatu kabla ya Heartbleed, mradi wa OpenBSD, mfumo endeshi wa huria, kule Calgary ulitangaza kwamba unahitaji dola 20,000 za bili ya umeme la sivyo mashine zao zitazimwa. Hao ndo wenye OpenSSH, ambayo kila anayeshika seva anaingilia kwayo asubuhi mpaka jioni. Dola 20,000! Wakapata wa kuwaokoa, na michango ya watu wengi ikafuata. Halafu 2015, Juni, timu ya PowerShell ya Microsoft ikatangaza kwamba inaleta SSH kwenye Windows, na Julai Microsoft wakawa mchangiaji wa kwanza wa daraja la dhahabu kwenye taasisi ya OpenBSD. Nawashukuru kwa dhati. Lakini tuangalie mpangilio wa tarehe, OpenSSH ilikuwa muhimu vilevile mwaka uliotangulia, kilichobadilika ni kwamba sasa ilikuwa inaingia ndani ya bidhaa yao.

Turudi OpenSSL. Tarehe 24 Aprili 2014, siku 17 tu baada ya habari kutoka, Linux Foundation walitangaza mfuko unaoitwa Core Infrastructure Initiative. Google, Microsoft, Facebook, IBM, Intel, Cisco, Amazon, Dell, Fujitsu na wengine, kila mmoja angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Siku 17. Hela ilikuwepo muda wote, na hata njia ya kuikusanya ilipatikana ndani ya wiki mbili na ushee. Kilichokuwa hakipo ni sababu ya mkurugenzi kusaini, na sasa sababu ilikuwa kwenye vichwa vya habari vya dunia nzima, na nadhani pia palikuwa na woga wa kuonekana jina lako halipo kwenye orodha.

Na hela ile ilifanya kazi, hili lazima lisemwe kwa sauti maana kuna watu hupenda kusema pesa inaharibu miradi ya huria. Wawili wakalipwa kufanya OpenSSL muda wote. Ukaguzi wa msimbo kutoka nje ukaagizwa. Ikaandikwa sera ya namna ya kushughulikia kasoro za usalama, jambo ambalo mtu mmoja mwenye mikataba ya FIPS shingoni hawezi kupata muda nalo. Toleo 1.1.0 likatoka 2016, 1.1.1 lenye TLS 1.3, kanuni mpya za kuficha mawasiliano, likatoka Septemba 2018, 3.0 Septemba 2021. Msimbo uleule ambao watu waliucheka kwa uchafu wake ukasafishwa mwaka hadi mwaka.

Sio wote walipitia mlango huo. Watu wa OpenBSD walichukua nakala wakaanza kufyeka mpaka ikawa LibreSSL, na Google miezi miwili baadaye wakatangaza yao, BoringSSL, kwa matumizi yao wenyewe. Google walikuwa wanatoa kwenye mfuko wa pamoja na palepale wanajenga yao pembeni, na hii nayo ni hela ya kampuni kwenye programu huria, tena pengine kubwa zaidi ya ile ya mfuko, ila imekaa mahali ambapo wao ndo wanashika usukani. Siwalaumu, hali ilikuwa ya kutisha. Naitaja kwa sababu inaonyesha tena hela inapenda kukaa wapi.

Tatizo la mfuko wa aina hii ni kwamba unaijua nyumba iliyokwisha kuungua. GnuPG, programu ya kusimba barua pepe na mafaili, ilikuwa inategemea Mjerumani mmoja, Werner Koch, na hela zilikuwa zimemkaukia mpaka habari zake zilipoandikwa Februari 2015, ndo Facebook na Stripe wakaahidi dola 50,000 kila mmoja kwa mwaka. Desemba 2021 ikaja zamu ya Log4j, maktaba ya kuandika logi, watu wa kujitolea tena, kelele tena. Na Machi 2024 xz, programu ya kubana mafaili, ambayo mimi ndo iliniuma kuliko zote. Lasse Collin alikuwa anaitunza karibu peke yake kwa miaka, bila malipo, na 2022 alishaandika wazi kwamba afya ya akili inamsumbua na kwamba huu ni mradi wa kujitolea usiolipwa. Watu walikuwa wanamsukuma aongeze kasi. Akajitokeza msaidizi mmoja mwenye subira anayejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri muda mrefu mpaka akaaminiwa, halafu akapachika mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund wa Microsoft, kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na yeye hakuridhika kuacha hivyo. Miaka kumi baada ya Heartbleed, na mtu aliyekuwa ameelemewa alipoomba nafasi ya kupumua, aliyefika kumsaidia alikuwa mwizi, kwa sababu hakuna mwingine aliyefika.

Kitu kimoja nilichokiona OpenSSL wamekipatia baadaye ni kuacha kusubiri michango. Walianza kuuza mikataba ya msaada, ule wa juu kabisa dola 50,000 kwa mwaka, na toleo 1.0.2 lilipofika mwisho wa maisha yake Desemba 2019, kampuni zilizokuwa bado zimeling'ang'ania ziliweza kuendelea kupata viraka kwa kulipia mkataba huo. Mtu wa nje anaweza kuona ni biashara ya kawaida tu, lakini kwa aliyewahi kuomba hela ndani ya kampuni hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi. Idara ya fedha ina mstari wa leseni, ina mstari wa huduma za kiufundi, mstari wa kumshukuru mtu ambaye msimbo wake unakushikilia mjini haina.

Hili nimelipitia mwenyewe. Kazini pengine nilipohamia baadaye tulikuwa tunategemea maktaba ndogo ya kutengeneza PDF, ankara za wateja zote zinapita hapo, inatunzwa na watu wawili. Niliandika ombi la dola 500 nikaita mchango, nikaeleza kwa moyo wote, habari za Heartbleed nikaweka humo. Likarudi na swali la manunuzi: invoisi iko wapi, na tunapokea nini? Nikajibu kwamba tumeshapokea, tunakitumia kila siku. Likafa hapo. Mwaka uliofuata wale watu wawili walikuwa wameandikisha kikampuni kidogo cha kutoa msaada, nikawaomba invoisi, nikaandika ombi upya, mistari mitatu tu, huduma ya msaada wa kiufundi miezi 12, dola 1,200. Nilipeleka saa nne asubuhi. Saa nane mchana limeshasainiwa na hakuna aliyeniuliza kitu.